Ngoma Niliyoilehemu Landover

Siku ya kuniaga mlileta keki yenye umbo la spika, mkazima mashine zote, mkaniomba niseme machache. Nilisema asante, nikashika kisu, machozi yakanitoka, na nyinyi kwa huruma yenu mkapiga makofi ili nisiendelee. Hotuba mliyoikosa ndiyo hii. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi mnaokaa kwenye zile meza leo mmetoka kwetu au mmezaliwa na watu wa kwetu, na asiyekisoma amwombe wa meza ya pili amsomee. Habari za vyeo nitaziacha. Pale palikuwa na vyeo viwili tu: mwenye karakana, na sisi wengine. Nataka kuwaeleza kitu cha kwanza nilichokiunda kwa mikono yangu, siku ambazo ungeniwekea rezista kwenye sahani ya wali ningeitoa nikidhani ni jiwe.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya tisini, kabla hatujahamia mlipo sasa. Karakana ilikuwa Landover, nje kidogo ya mji mkuu wa Marekani, katikati ya maghala, upande ule wa uwanja ambao siku za mpira hakuna gari linalosogea. Kabla ya hapo nilikuwa nikitunza wazee majumbani mwao, kazi niliyoipenda mimi lakini mgongo wangu haukuipenda. Shoga yangu mmoja alisikia kwamba kuna Mmarekani anatafuta mtu wa kupokea na kufunga mizigo. Nikatoka kwangu Silver Spring asubuhi, nikapanda treni, nikabadilisha, nikapanda basi, nikatembea kando ya uzio mrefu wa waya hadi nikaona mlango uliobandikwa picha ya gitaa.

Bwana Curtis, mwenye karakana, alinifungulia akiwa na kinanda cha umeme kwapani kama mtu aliyetoka kununua mkate. Alikuwa mtu mrefu, mzaliwa wa mji huu huu, na alizungumza huku vidole vyake vikigonga chochote kilichokuwa karibu. Akanionyesha rafu zilizojaa vyombo vya muziki vilivyoletwa vikiwa vibovu: vinanda, amplifaya, spika, mashine za ngoma. Kazi yangu ilikuwa kubandika jina la mteja, kuandika ugonjwa kama mwenyewe alivyoueleza, na kikipona nikifunge vizuri kisivunjike njiani. Magonjwa yenyewe yalikuwa mengi. Hakilii. Kinalia chenyewe. Mtoto kamwagia juisi. Mchungaji kakalia.

"Usiogope kuvishika," Bwana Curtis aliniambia. "Vyote vimeshaharibika."

Wateja wetu walikuwa makanisa, shule, na zaidi ya wote bendi za go-go. Kwa nyinyi wageni wa mji huu, go-go ndio muziki wa hapa, na sifa yake ni kwamba wimbo ukiisha ngoma haziishi. Zinaendelea hadi wimbo mwingine uzikute njiani. Wale vijana wakija kuchukua vyombo vyao hawakuridhika na maneno. Walichomeka, wakapiga, na ghala zima likatikisika. Mimi nimekulia Tanga, mtaa ambao wiki haikupita bila harusi, na nilijikuta nafunga maboksi kwa mdundo.

Nyuma ya rafu ndipo ilipokuwa meza ya ufundi, na kwenye meza hiyo alikaa Papa Ilunga. Alikuwa fundi wa redio Lubumbashi tangu ujana wake, na hata Landover alikuja kazini na tai, akiivalia aproni juu yake. Alikuwa na miwani ya kusomea na miwani ya kulehemu, na kila mara aliyoitafuta ilikuwa kichwani. Nilianza kula chakula changu cha mchana karibu na meza yake, kwanza kwa sababu pale palikuwa na joto, kisha kwa sababu nilitaka kuona. Alikuwa akiletewa amplifaya bubu, hagusi bisibisi. Anaiwasha, anaweka sikio, anagonga bodi polepole kwa upande wa ufutio wa penseli, hapa, na hapa, hadi mahali fulani panakwaruza.

"Kwanza tunasikia, mama Rehema," alisema. "Kisha tunaangalia. Kushika, njo ya mwisho."

Niliwaona wengi wenu mkianza na bisibisi. Sikusema kitu, lakini niliwaona.

Siku moja akaniwekea mbele chuma cha kulehemu na bodi iliyokufa, akaniambia nichezee. Mimi nikafanya anavyofanya kila mgeni: nikayeyusha waya wa kulehemu kwenye ncha ya chuma, nikaudondosha juu ya kiungo kama mtu anayemimina samli.

"Apana choma waya, mama. Choma muguu, choma na bodi, vyote pamoja. Waya itakuya yenyewe."

Mguu ni ule waya mfupi wa kifaa unaopenya kwenye bodi. Viungo vyangu vya kwanza vilivimba na kufifia kama uji uliolala. Kiungo kizuri kinang'aa, na kina mteremko mdogo pande zote kama kihema. Nilikipata cha kwanza kizuri kwa bahati, nikakitazama mpaka chai ikapoa.

Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria moja. Hakuna aliyekaa kwenye meza ya ufundi kabla hajaunda kitu chake mwenyewe, kutoka mwanzo, chenye sauti. Bwana Curtis hakuuliza vyeti. Alisema tu, "Niletee kitu ambacho jana hakikuwepo na leo kinalia." Nilipomwambia Papa Ilunga kwamba nataka kujaribu, na kwamba nataka kuunda ngoma, alivua miwani.

"Ngoma? Kila mutu anaanzaka na filimbi. Ngoma iko nguvu."

Kwao nguvu ni ngumu. Nilimwelewa, nikamwambia ni ngoma au basi. Ilibidi nimweleze sababu.

Sababu ilikuwa inakaa ghorofa ya chini yangu, Silver Spring. Mzee Shaibu alikuwa mpiga ngoma wa harusi kutoka Mombasa, mjane, akiishi na bintiye Salma aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule mjini, karibu na mtaa wa Shaw. Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi ya watu wa pwani katika eneo hili ambayo hakuipigia. Halafu akapata kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito. Aliweza kuuinua kidogo na kuuacha uanguke, basi. Ngoma zake alizifunika shuka kwenye kona ya sebule, na mgeni akizitupia jicho yeye alibadilisha mazungumzo. Hospitali walimpa mpira laini ili aubonyeze kila siku vidole vipate nguvu.

"Wanidhania mimi ni mtoto wa kuchezea mpira?" aliniambia, akauweka dirishani, na ukakaa hapo.

Salma alikuwa amechumbiwa, harusi imeshapangwa. Alinikuta kwenye chumba cha kufulia nguo, akakaa juu ya mashine iliyokuwa ikizunguka.

"Aunti, baba anasema kwa harusi atakaa nyuma kama mgeni," alisema. "Nime-try kumbembeleza, wapi. Na mimi sitaki mtu mwingine anipigie. Bora kusiwe na ngoma kabisa."

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba kazini najaribu kitu, huenda kikafaa, huenda kisifae, na asimwambie mtu. Kabla ya wiki kwisha kina mama wa jengo zima walikuwa wananipongeza. Mimi wakati huo sikuwa na hata waya mmoja uliogusana na mwenzake.

Papa Ilunga aliposikia habari za mkono ule alijifuta vidole kwenye aproni. Kisha akavuta bodi ya majaribio, ile yenye vitundu vingi ambayo unachomeka vifaa bila kulehemu, akaanza kunifundisha.

Nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu sijawahi kupata maelezo bora. Unaunda saketi, yaani mzunguko wa umeme, inayotaka kupiga mluzi. Sauti inayotoka kwake unairudisha mlangoni pake kupitia kapasita za kuhifadhi umeme na rezista chache za kuubana, nayo inajisikia yenyewe, inajijibu, na mluzi hauishi. Halafu unaweka kifundo cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio, unaipunguzia nguvu polepole hadi mluzi unakatika. Unaishia hapo hapo. Sasa imenyamaza, lakini iko karibu sana na kulia. Ukiigusa kwa umeme kidogo, mara moja tu, inalia mara moja na kufifia. Kapasita zikiwa ndogo, sauti ni nyembamba. Zikiwa kubwa, sauti inashuka hadi tumboni.

Na huo umeme wa kuigusa unatoka wapi? Papa Ilunga alifungua king'ora cha moshi kilichokufa, akatoa kisahani chembamba cha shaba. Kile ndicho kinachopiga kelele nyumbani ukiunguza chapati. Ukikipa umeme kinapiga kelele. Ajabu ni kwamba kinafanya kazi pande zote mbili: ukikigonga, chenyewe kinatoa umeme. Ukikigonga kwa nguvu kinatoa mwingi, ukikigonga taratibu kinatoa kidogo. Nilikilehemu nyaya mbili, nikakibandika chini ya kipande cha ubao, nikachomeka kila kitu mahali pake, nikawasha.

Ikapiga mluzi kama birika. Nikazungusha kifundo. Mluzi ukakatika. Nikaugonga ubao kwa kidole.

Tok.

Nimefanya kazi miaka mingi, nimefufua vinanda vya thamani, vingine vimekwenda kupigwa mbele ya maelfu ya watu. Hakuna sauti iliyonifurahisha kama ile tok. Nikagonga tena. Nikagonga kwa mikono yote miwili. Papa Ilunga alikuwa amekunja mikono kifuani, anatabasamu akiangalia pembeni ili nisimwone. Nilicheza peke yangu, katikati ya maboksi, na mteja aliyekuwa amesimama kaunta akisubiri kipaza sauti chake alisubiri zaidi.

Niliibeba nyumbani kwenye kopo la biskuti, pamoja na spika ndogo. Mzee Shaibu alikuwa sebuleni, Salma jikoni akijifanya anaosha vyombo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo kopo la nini?"

"Ni ngoma, Mzee. Ya umeme."

Uso wake ukajifunga. "Hizo nazijua. Wabonyeza kidude, yapiga yenyewe mpaka asubuhi, na mtu akaa kando akila biriani. Hiyo si kazi."

"Hili halijui kupiga lenyewe. Usipoligonga halisemi kitu."

Alilitazama kopo. "Nisipoligonga, halisemi?"

"Halisemi, Mzee."

"Liweke hapo basi."

Aligonga kwa mkono wa kushoto, mara mbili, akiwa ameinamisha sikio. Jikoni maji yaliacha kutiririka.

"Huyu ni chura," alisema.

Nilijua kwamba si ngoma kamili, lakini chura iliniuma. Yeye hakuwa akinikejeli. Alivuta shuka kwenye kona, mara ya kwanza kwa muda mrefu, akanitolea ngoma yenyewe, akaniambia nitie sikio karibu na ngozi. Akapiga pigo moja.

"Wasikia? Kwanza ni mkono. Paa, ile ngozi ya kiganja na ngozi ya mnyama zakutana. Halafu ndiyo yaja sauti, na sauti yenyewe yaanza juu kisha yashuka. Chako hicho chaanza na sauti, na chakaa pale pale kama aliyeshtuka."

Nilirudi kazini na maneno yale, nikamwigizia Papa Ilunga kwa mdomo, paa-duu, paa-duu, mpaka Bwana Curtis akatoka ofisini kuuliza kama niko salama. Kushusha sauti haikuwa taabu sana; kiasi kidogo cha ule umeme wa kisahani tulikipeleka kuivuta saketi juu mwanzoni, na ulipofifia sauti ilishuka nao. Lile paa ndilo lililotusumbua. Tulihitaji sauti isiyo na noti, ya ngozi kugusa ngozi. Papa Ilunga akachukua transista moja, kile kifaa cha miguu mitatu cha kukuza umeme, akaifunga kinyume, jambo ambalo siku zote alinikataza.

"Leo tunafanya vibaya kwa kusudi," alisema.

Transista ile iliyofungwa kinyume ilitoa mvumo kama wa maandazi yakiingia kwenye mafuta. Tuliukata mvumo ule uwe mfupi sana, kufumba na kufumbua, tukauweka mbele ya sauti. Paa-duu. Tulitazamana. Papa Ilunga alilegeza tai.

Niliilehemu yote kwenye bodi ya kudumu, safari hii kwa viungo vinavyong'aa, nikaunda ya pili yenye sauti nyembamba zaidi, nikaziweka pamoja kwenye kisanduku cha mbao chenye ngozi mbili za mpira juu: kushoto kwa mkono wa kushoto, kulia kwa mkono wa kulia. Hapo nikakutana na kesi ngumu kuliko zote. Upande wa kulia ulihitaji kusikia sana, ili mkono ule mzito ukianguka tu, hata bila nguvu, sauti itoke imejaa. Lakini ukiufanya usikie sana, unasikia kila kitu. Nikipiga kushoto, na kulia kunalia, kwa sababu mtikisiko ulipita kwenye ubao. Nikiweka kikombe cha chai mezani, kulia kunalia. Lori likipita nje, kulia kunalia.

Nilijaribu sifongo la jikoni. Likameza kila kitu, hata pigo lenyewe. Nilijaribu zulia. Nilijaribu kadibodi. Papa Ilunga alikuwa na dawa za umeme, nazo zilisaidia kidogo, kisha tatizo likarudi. Jibu lilikuja siku ya Jumapili, nikiwa bafuni kwangu nimevaa ndara za mpira. Niliinua mguu nikaikanda ile soli kwa vidole. Haikuwa laini sana, haikuwa ngumu. Nikazikatakata zote mbili kwa kisu cha nyama, nikatenganisha kila upande na ubao kwa vipande vinne vya ndara, na tangu hapo pande hizo mbili hazikuingiliana tena. Ngozi zote mbili zilikuwa zimekaa juu ya ndara za bluu. Bwana Curtis alipoziona alikaa chini kwanza ndipo akacheka.

Nilikipeleka kwa Mzee Shaibu Jumamosi mchana. Hakusema chura. Alipiga kwa kushoto kwa muda, mapigo mepesi, akiyasikiliza. Mkono wa kulia ulikuwa pajani.

"Na huo, Mzee," nikasema.

"Huu umekuwa mgeni kwangu."

"Uinue tu, kisha uuache."

Aliuinua kama anavyoinua mtu kitu cha watu. Akauachia. Kiganja kilianguka juu ya mpira kikiwa kimelegea kabisa, na spika ikatoa pigo zima, paa-duu, pana, la kiume. Mzee Shaibu alivuta mkono kana kwamba ameungua. Akautazama. Akauinua tena, akauachia tena. Kisha kushoto. Kisha kulia. Alichelewa, kulia kulikuja nyuma ya wakati, akakunja uso, akarudia. Salma alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, machozi yanamtoka na anacheka, na baba yake akamwambia bila kugeuka, "Wewe toka hapo, wanichanganya."

Kuanzia siku hiyo jengo letu lilipata mdundo mpya. Nikirudi kutoka kazini nilimsikia kupitia sakafuni, kwa sauti ndogo, akirudia mdundo mmoja kama mtoto wa madrasa anayerudia sura. Wiki zikapita. Siku moja akanigongea mlango mwenyewe, amepanda ngazi.

"Mwanangu, njoo ukitazame kile kisanduku. Upande wa kulia wanipigia makelele."

Nilishuka na bisibisi, nikiwa na hofu kwamba kiungo kimeachia. Nilisikiliza kwanza, kama nilivyofundishwa. Kisanduku hakikuwa na kasoro yoyote. Mkono ndio ulikuwa ukipiga kwa nguvu zaidi. Nilizungusha kifundo nyuma kidogo, yeye akajaribu, akatikisa kichwa kuridhika, hakuuliza nimefanya nini. Nilipomweleza, akamwita Salma aje asikie maneno yale yale, akanifanya niyarudie.

Harusi ilikuwa Jumapili, kwenye ukumbi wa Silver Spring. Jumamosi mchana tulikwenda kupima sauti. Papa Ilunga alikuja pia; alisema anapita tu, lakini alikuwa amevaa suti, na mfukoni mwa suti mlikuwa na koleo. Ukumbi ulikuwa mkubwa, kwa hiyo niliunga nyaya ndefu kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye amplifaya. Nikawasha. Kabla Mzee Shaibu hajanyoosha mkono, ngoma ikaanza kuzungumza Kiingereza. Sauti ya mwanamume, mnene, mtulivu, ikatangaza kwamba kuna msongamano kwenye barabara ya mzunguko, upande wa kuelekea Virginia, na madereva watafute njia nyingine.

Kina mama waliokuwa wakipamba walisimama na mashada mikononi. Mzee Shaibu alinitazama.

"Uliniambia halisemi nisipoligonga."

"Ni redio, Mzee. Ule waya mrefu umekuwa antena."

"Ngoma ya mama Rehema inajua barabara kuliko dereva," Papa Ilunga alisema, tayari ameshapiga magoti na koleo mkononi. Kesho yake watu wote wangekuwa wamekaa pale, na yule mzee mbele yao. Papa Ilunga aliniachia koleo nifanye mwenyewe, akinishikia taa tu. Nikabadilisha waya kwa ule uliovishwa wavu wa shaba, nikaongeza kapasita moja ndogo mlangoni mwa kila upande ili kumeza mawimbi ya redio, nikawasha tena. Kimya. Mzee Shaibu akagonga. Ngoma.

Siku yenyewe kina mama walikuja na pembe zao za vugo, zile za ng'ombe zinazogongwa kwa vijiti. Salma aliingizwa, nyimbo zikaanza, na Mzee Shaibu, amevaa kanzu na kofia aliyoishona mwenyewe kabla ya kuugua, akakaa nyuma ya kile kisanduku mbele ya watu. Mimi nilikaa sakafuni nyuma ya amplifaya, nikiwa na sanduku la vifaa, nikiangalia kila taa na kila waya. Mwanzoni watu walikitazama. Niliona mtu akimnong'oneza mwenzake, akionyesha kwa kidevu zile ndara za bluu. Mzee alianza polepole. Kushoto kulishika mdundo, kulia kukaingia, kukachelewa mara moja, kukakaa sawa. Pembe zikamfuata. Akaongeza kasi kidogo. Nilipoinua kichwa tena, wote walikuwa wamempa mgongo. Walikuwa wanacheza. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akikiangalia kile kisanduku, na mimi ndipo nilipoelewa kazi hii ni ya nini. Papa Ilunga alikuwa katikati yao, tai imegeukia begani.

Mzee Shaibu akaniona pale chini.

"Wewe wakaa ukilinda nini?" akasema. "Ingia."

Nikaingia. Kama kuna kitu kiliharibika baada ya hapo, sikukijua.

Jumatatu Bwana Curtis aliniuliza: kiko wapi kitu changu? Amesikia kimekwisha, na sheria ni sheria, lazima kilie mezani pake. Nikamwambia siwezi kukileta. Kina mwenyewe, na mwenyewe anakipiga kila siku, siwezi kumnyang'anya hata kwa asubuhi moja.

"Basi twende tukakisikilize," alisema.

Baada ya kazi tukaenda kwa gari lake hadi Silver Spring. Tulipofika kwenye ukumbi mwembamba mbele ya mlango wa Mzee Shaibu tulimsikia ndani, anapiga. Niliinua mkono kubisha hodi, Bwana Curtis akanizuia. Alisimama akisikiliza, kichwa kimeinama, kisha mabega yake yakaanza kwenda. Mdundo ulipomalizika, yeye ndiye aliyebisha. Hakubisha kama watu wanavyobisha. Alipiga mlangoni, kwa vidole na viganja, ule mdundo wa go-go, wenye kwenda na kurudi, akaukata katikati.

Ndani kiti kikasogea.

Halafu ngoma ikajibu. Mzee Shaibu aliuchukua mdundo pale ulipokatwa, akaumalizia, na mwishoni akaongeza mapigo mawili ya kwao, ya mkono wa kulia. Bwana Curtis akapanua macho. Akajibu mlangoni. Ngoma ikarudisha. Milango ya majirani ikaanza kufunguka, mama mmoja Mhabeshi akatoka na mwiko mkononi, Salma alisikika ndani akiuliza, "Baba, who's at the door?" na baba yake hakumjibu. Mmoja hakujua Kiingereza cha kutosha kuagiza chai, mwenzake hakujua neno hata moja la Kiswahili, na mlango ulikuwa kati yao.

Ulipofunguliwa hatimaye, walikuwa wameshasalimiana.